Maneno ya Dawa za Wanawake katika Nchi ya Karagwe: Tangu Engumba hata Homoni

Siku hizi katika miji na magulio ya Afrika Mashariki huuzwa unga, mafuta na majani makavu ambayo, kwa maneno ya wauzaji, huamsha hamu ya wanawake na "kusawazisha homoni". Aghalabu huongezwa kwamba dawa hizo ni za asili, zilizotumiwa na mabibi tangu kale. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo la ukale kwa upande mmoja tu, yaani upande wa maneno, nayo yatashika hasa nchi ya Karagwe, ambamo imo Kituntu, na lugha yake ya Runyambo. Kama dawa hizo zina nguvu au hazina, hilo ni swali la waganga na wakemia.

Kwanza yafaa tuyatazame maandishi. John Speke na James Grant waliingia Karagwe mwezi wa Novemba 1861, wakakaribishwa na Mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake cha 1863 Speke alieleza kwa urefu jinsi wanawake wa ukoo wa kifalme walivyonenepeshwa kwa maziwa, hata akampima mmoja wao kwa utepe. Aliyaona maziwa na unene kwa kuwa hayo yaliwekwa mbele ya macho yake. Mjerumani Hermann Rehse aliandika juu ya nchi jirani ya Kiziba mwaka 1910, na Hans Cory pamoja na Hartnoll waliandika sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Hawa wote walikuwa wageni, ilhali elimu ya mwili wa mwanamke ilikuwa mikononi mwa shangazi, dada wa baba, ambaye kwa lugha za huko huitwa ishenkazi. Ndiye aliyemfunda bibi arusi, na mafunzo yake hayakusemwa mbele ya wanaume. Basi ukimya wa vitabu si ushahidi kwamba jambo halikuwapo. Lakini vile vile si ruhusa ya kulijaza pengo hilo kwa lolote tulipendalo.

Pale maandishi yanaponyamaza, maneno yaweza kusema. Dawa kwa Runyambo, kama kwa Runyankore, ni omubazi, na mwenye kuagua ni omufumu. Neno la Kiswahili dawa ni la Kiarabu, nalo liliingia bara pamoja na misafara ya Unyanyembe iliyofanya kituo chake Kafuro, katika nchi hiyo hiyo ya Karagwe. Lakini mganga ni neno la Kibantu la kale, na kadhalika mgumba. Runyambo husema engumba kwa mwanamke asiyezaa. Shina ni lile lile, na limeenea katika lugha nyingi za Kibantu zilizo mbali mbali, hata hapana budi kukubali kwamba huzuni hiyo ilipewa jina kabla lugha hizi hazijatengana.

Sasa tutafute neno la hamu ya mwanamke. Kiswahili cha adabu kina ashiki na hamu, yote mawili yenye asili ya Kiarabu. Neno la hamu kwanza lilikuwa na maana ya huzuni na fadhaa, kisha likageuka kuwa shauku. Nguvu ni neno la Kibantu, lakini msemo uliokaa imara ni "nguvu za kiume". Mwenzake wa kike haukupata kukaa. Maradhi ya ndani ya mwanamke pwani huitwa chango, neno ambalo pia ni la utumbo na la mnyoo. Chango huhusishwa hasa na maumivu ya hedhi na kukosa mimba.

Mgawanyo huo waonekana pia katika uchunguzi wa mimea. Maud Kamatenesi-Mugisha na Hannington Oryem-Origa walichunguza dawa za Uganda ya magharibi, ambayo lugha zake ni ndugu wa Runyambo. Makala yao ya 2005 yahusu upungufu wa nguvu za wanaume, na yale ya 2007 yahusu mimea ya kuharakisha uchungu wa uzazi. Mzizi wa Mondia whitei, uitwao omurondwa Ankole, mulondo Buganda na mukombero kwa Waluhya, hutafunwa na watu wengi kwa ajili ya hamu. Lakini majaribio yake yanayojulikana zaidi yalifanywa juu ya panya dume na mbegu za kiume. Buganda, udongo uliochanganywa na majani, uitwao emmumbwa, ni wa wanawake wenye mimba. Kwa ufupi, mwanamume alitibiwa kwa ajili ya nguvu, na mwanamke kwa ajili ya mtoto.

Hapa wengine watasema kwamba mabibi walikuwa na maneno yao ya siri. Huenda ikawa hivyo, wala sikatai. Lakini neno la siri lisilopata kuandikwa haliwezi kuwa shahidi wa muuzaji.

Tena tusisahau mambo ya baadaye. Wakati wa Waingereza Karagwe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba, na watawala, wamisionari na wazee walihangaika kwa uchache wa watoto, hasa katika Buhaya ya kando ya ziwa. Shane Doyle, katika kitabu chake cha 2013 kilicholinganisha Buhaya, Ankole na Buganda, ameonyesha jinsi kisonono na kaswende zilivyofungamana na ugumba huo. Kisonono huweza kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke bila yeye kusikia maumivu makubwa, na mirija ikiisha kuziba haifunguki kwa majani wala mizizi. Penisilini, iliyoenea baada ya vita vya 1939 hadi 1945, iliua vijidudu. Haikurudisha kilichokwisha haribika. Hata hivyo jina la engumba alibandikwa mwanamke peke yake, ijapokuwa ugonjwa mara nyingi aliletewa na mume. Neno lilificha sababu.

Neno homoni laweza kufanya vivyo hivyo. Lilitolewa London mwaka 1905 na Ernest Starling kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kuchochea, na homoni ya kike ya kwanza ilipatikana safi mwaka 1929 tu. Haiwezekani basi kwamba bibi wa Karagwe wa zamani za Rumanyika alitafuta "kusawazisha" homoni. Alitafuta mimba, au maziwa, au nafuu ya tumbo. Tukiitafsiri haja yake kwa neno letu, tumempa elimu isiyo yake na kumnyang'anya iliyo yake. Na mwanamke wa leo mwenye maradhi yenye tiba hospitalini aweza kukawia, akiamini kwamba anafuata njia ya bibi yake.

Tanzania haikuidharau tiba ya asili. Kitengo cha uchunguzi wake kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Mimea inapimwa, lakini maneno hayajapata mpimaji. Josephat Rugemalira ametupatia sarufi ya Runyambo (2005), na msingi huo watosha kuanzia kazi. Yafaa wachunguzi, na hasa wachunguzi wanawake, waende Kituntu na kwingineko Karagwe wakawasikilize mashangazi, waandike kila jina la mmea pamoja na sentensi nzima linamotumika, bila kutanguliza neno homoni katika swali. Ikiwa Runyambo kina neno lake la hamu ya mwanamke, litaonekana hapo. Na ikiwa hakina, hilo nalo ni jambo la historia linalostahili kuandikwa.