Kushuka Ziwani: Kutoka Kpandroma Hadi Mahagi-Port



Wengi mliona picha za safari yetu mukauliza: bahari ile iko wapi? Si bahari, ni Ziwa Albert letu. Sisi wa Ituri pwani yetu ni ile. Nimeona heri niwaandikie historia yake, sababu picha hazikusema kitu.

Tulikuwa watu saba ndani ya gari ya kukodi: wanne tuliosoma pamoja, mjomba, shofere, na mama mdogo wangu. Tulitoka Kpandroma asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya viazi. Mama mdogo alikubali kufika Mahagi tu, kusalimia ndugu. Alisema mapema: "Chini miye sifiki. Ile maji nayijua."

Hakuna aliyembishia. Mwanzo wa 2018, vita iliporudi Djugu, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Uganda. Yeye alikuwa anauza samaki ya chumvi upande wa Tchomia. Alivuka usiku, akafika Sebagoro, akapelekwa kambi ya Kyangwali. Alirudi nyumbani, lakini toka siku ile hakuangalia ziwa tena.

Njiani mjomba akaanza kutufundisha, na mimi nikaongeza niliyosoma. Milima yetu hii, wazungu waliiita Milima ya Buluu. Kwa nini buluu, na sisi tunaiona kijani kila siku? Sababu aliyeipa jina hakuwa huku. Samuel Baker alifika ziwani tarehe 14 Machi 1864, akiwa ng'ambo ya mashariki, upande wa Bunyoro. Kutoka kule mbali milima inaonekana buluu. Ziwa akaliita Albert, jina la mume wa Malkia Victoria aliyekuwa amekufa 1861. Lakini Wanyoro walikuwa na jina lao tayari: Mwitanzige, maana yake muua nzige. Mimi mtu wa kilimo jina hilo linanifurahisha zaidi: linasema kitu ambacho mkulima anaelewa.

Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi alilizunguka ziwa lote. Desemba 1887 Stanley alilitazama kutoka juu, upande wetu, na tarehe 29 Aprili 1888 akakutana na Emin Pasha, aliyekuja kwa meli ya moshi. Vitabu vinaanza na watu hawa. Lakini kule Kibiro, ng'ambo, wanawake walikuwa wanapika chumvi kutoka udongo mamia ya miaka kabla ya Baker, na chumvi yao ilisafiri mbali. Ziwa lilikuwa soko kabla ya kuwa mpaka.

Mpaka ulikuja kwa karatasi. Mkataba wa Mei 1894 ulimpa Mfalme Leopold wa Pili eneo la Lado kwa muda wa maisha yake tu. Lakini ukanda wa kilomita 25 kwa upana, unaoshuka mpaka ziwani na bandari ya Mahagi ndani yake, ulipangwa kubaki na Kongo hata baada yake. Leopold akafa Desemba 1909, Lado ikarudi kwa Waingereza, pwani ya Mahagi ikabaki kwetu. Ndiyo maana siku ile tulishuka bila pasipoti.

Baadaye bandari hiyo ilifunguliwa kwa dunia. Meli zilitoka Butiaba, Uganda, zikafika Kasenyi na Mahagi-Port. Kutoka Butiaba mzigo ulipanda barabara mpaka Masindi Port, ukavuka Ziwa Kyoga mpaka Namasagali, halafu treni, mwisho Mombasa. Kwa hiyo marafiki, barabara yetu ya vumbi ilikuwa kweli barabara ya bahari! Ila mwanzo wa miaka ya 1960 mvua kubwa ilipandisha maji, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli kubwa Robert Coryndon ikazama. Njia ikafa. Mwaka 1973 ziwa likapewa jina la Mobutu. Alipoanguka 1997, jina likaanguka naye. Mwaka 2006 Uganda ikatangaza petroli, na mwaka uliofuata risasi zikalia karibu na kisiwa cha Rukwanzi. Watu wa mitumbwi wakaanza kuogopa mpaka ambao zamani hawakuujua.

Tulipofika Mahagi tulikula, tukasalimia ndugu. Tulipotaka kuondoka mama mdogo akapanda garini bila kusema neno. Hatukumuuliza.

Barabara inashuka zaidi ya mita elfu moja, kona juu ya kona. Baridi inabaki nyuma, masikio yanaziba, mihogo inachukua nafasi ya viazi. Kwenye kona moja ziwa likatokea lote. Vijana wakapiga kelele, simu zikatoka. Yeye alifunika macho kwa kitenge.

Pale Mahagi-Port wanawake walikuwa wamepanga samaki juu ya mashua iliyogeuzwa. Tulipiga picha. Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya muuzaji mmoja, anageuza kapiteni mkavu, anamnusa, anamkunja mkia.

"Huyu chumvi yake ni kidogo," akamwambia. "Utamupeleka Bunia, ataoza."

Muuzaji akacheka, akauliza alijulia wapi. Wakaongea karibu saa nzima: bei, nyavu, majina ya watu wa Tchomia, nani yuko hai, nani hayuko. Jina moja lilipotajwa wote wawili walinyamaza. Halafu akanunua samaki watano, kwa bei ya wafanyabiashara, si bei yetu ya wageni.

Wakati wa kupanda nikamuuliza: zamani ninyi ziwa mlikuwa mnaliitaje? Albert? Mobutu?

"Hapana. Tulikuwa tunasemaka tu: naenda chini. Mtu akisema naenda chini, unamupa makuta akuletee samaki."

Baker aliangalia kutoka mashariki akaona buluu. Stanley alisimama juu akaona maji. Mama yangu mdogo alishuka na kupanda miaka kumi na moja akiwa na samaki kichwani, na jina lake la ziwa halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Sasa limo hapa.

Wenzangu wenye wazazi waliofanya biashara Kasenyi, Joo au Mahagi-Port: waulizeni walipitia njia gani, na waliiitaje. Andikeni hapa chini. Na yeye ameniuliza tutarudi lini, sababu samaki wamekwisha.