Vyuma vya Dirishani: New York Ilivyoacha Kuwazika Watoto Wake

Kiangazi cha New York kina joto la kuchosha. Katika miaka ya 1960, familia nyingi za kipato cha chini katika mitaa ya Bronx na Harlem zilipanga vyumba vidogo kwenye majengo ya ghorofa tano au sita, bila kiyoyozi. Ilipofika Julai, madirisha yalibaki wazi usiku na mchana ili hewa ipite. Vyumba vilikuwa finyu, na kitanda kikisogezwa ukutani huishia chini ya dirisha. Mtoto wa miaka miwili akishajua kupanda kitanda, dirisha analo.

Kati ya mwaka 1965 na 1969, watoto 123 wa chini ya miaka 15 walikufa jijini humo kwa kuanguka kutoka madirishani. Hiyo ilikuwa asilimia 12 ya vifo vyote vya ajali vya watoto wa umri huo. Msiba wa namna hii ni rahisi sana kuachiwa nyumba moja: majirani wanakuja kuhani, polisi wanaandika taarifa, kisha macho yote yanamgeukia mama. Alikuwa wapi? Idara ya Afya ya jiji ilipoanza kuvihesabu vifo hivyo kwa pamoja, lilizuka swali jingine: dirisha lenyewe lilikuwa na nini cha kumzuia mtoto?

Mwaka 1972 idara hiyo ilianza majaribio Bronx. Mpango uliitwa Children Can't Fly, kuwakumbusha wazazi kwamba mtoto hana mabawa. Hospitali na vituo vya polisi vilitakiwa kutoa taarifa kila mtoto alipoanguka. Muuguzi wa afya ya jamii alifunga safari hadi nyumbani, akaongea na wazazi na kuandika jinsi ajali ilivyotokea. Redio, televisheni na mikutano ya mitaa vikasambaza onyo. Na familia zenye watoto wadogo katika maeneo ya hatari zikapewa vizuizi vya chuma vya madirisha, bure.

Hicho cha mwisho ndicho ninachokiona kuwa moyo wa mpango wote. Wazazi walishauriwa, na ushauri una kazi yake. Lakini mama mwenye watoto watatu na jiko linalochemka hawezi kumkodolea macho mmoja wao kutwa nzima, wala haifai kumdai hivyo. Chuma hakisinzii.

Watafiti Spiegel na Lindaman walichapisha matokeo ya mpango huo mwaka 1977 katika jarida la American Journal of Public Health. Huko Bronx, idadi ya walioripotiwa kuanguka ilipungua kwa nusu kati ya 1973 na 1975. Na hakukuwa na taarifa hata moja ya mtoto aliyeanguka kutoka dirisha lililowekewa kizuizi.

Kwa ushahidi huo, hata kabla haujachapishwa, mwaka 1976 Bodi ya Afya ya jiji ilipitisha sheria iliyowataka wenye nyumba kuweka vizuizi katika kila nyumba ya kupanga ya majengo ya familia nyingi anamoishi mtoto wa miaka 10 au chini yake. Mzigo ukamwangukia mwenye jengo, ambaye ndiye mwenye mamlaka juu ya fremu na ukuta. Mwaka 1983 madaktari wa Hospitali ya Harlem waliripoti kwamba watoto waliolazwa hapo kwa kuanguka madirishani walikuwa wamepungua kwa asilimia 96. Katika kumbukumbu zao, wote walioanguka kutoka ghorofa ya tatu au chini yake walipona. Kwa walioanguka kutoka ghorofa ya tano na ya sita, nusu walikufa.

Kizuizi chenyewe ni kitu cha kawaida: fito za chuma zilizofungwa kwa skrubu kwenye fremu. Siri iko kwenye nafasi. Kanuni za New York hazikubali uwazi unaozidi inchi 4.5, kama sentimita 11 na nusu, mwili wa mtoto usipite. Dirisha linalotokea kwenye ngazi za dharura za moto haliwekewi kizuizi, maana moto ukizuka ndiyo njia ya kutorokea. Wavu wa mbu hauhesabiwi kabisa. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kuchungulia, kichwa kinamvuta, na wavu unang'oka naye.

Tarehe 20 Machi 1991, Conor, mtoto wa miaka minne wa mwanamuziki Eric Clapton, alianguka kutoka ghorofa ya 53 huko Manhattan akafa. Baadaye baba yake alirekodi matangazo ya kuwahimiza wazazi kuhusu usalama wa madirisha. Fedha haikuwa kinga.

Dar es Salaam na Nairobi, mafundi wetu wanachomelea grili kila siku, ila kwa hofu ya wezi. Kwa hiyo ghorofa ya chini mara nyingi ina grili, na ya nne, asikofika mwizi, ina kioo cha kusukuma na wavu tu. Unayekwenda kupanga ghorofani na mtoto mdogo, mwombe mwenye nyumba aweke grili kabla hujalipa kodi, pamoja na sehemu moja inayofunguka kwa ndani moto ukitokea. Kitanda na kochi visogeze mbali na dirisha siku hiyohiyo ya kuhamia.