Uzito wa mtafiti hupimwaje? Mfano wa Pemba

KAZI ya mtafiti hupimwa kwa tarakimu: makala zake zimenukuliwa mara ngapi na wanazuoni wenzake, na ameandika pamoja na nani. Tarakimu hizo husaidia kuamua nani apandishwe cheo chuoni na nani apewe fedha za utafiti. Kisiwa cha Pemba kinaonyesha vyema zinachosema na zinachoficha.

Chimbuko la upimaji huo ni Mmarekani Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza iwepo faharasa ya kuonyesha makala ipi imenukuu ipi. Faharasa yake ya sayansi ilianza kutolewa miaka ya 1960. Mwaka 2004 zikaja Google Scholar na Scopus, na hesabu hiyo ikawa kazi ya kompyuta.

Mwaka uliofuata Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alileta kipimo kinachoitwa h. Mtafiti mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 50, 18, 7, 4 na 2 hupata h ya 4, kwa kuwa makala zake nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja.

Kipimo hicho humpendelea aliyeandika mengi kwa miaka mingi. Mwenye makala moja tu, hata ikinukuliwa mara 1,000, hubaki na h ya 1.

Hapo ndipo Pemba inapoingia. Januari 2006 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 24,076 wa kisiwani humo, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki, au hivyo viwili pamoja na madini ya zinki, au dawa bandia.

Matokeo yalishtua wengi. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitalini kwa madhara makubwa. Makundi ya chuma yalikuwa yamekwisha kusimamishwa Agosti 2003.

Makala hiyo imenukuliwa mno duniani, kwani iligusa desturi ya kugawa chuma kwa watoto wote katika maeneo yenye malaria kali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka chuma katika maeneo hayo kiende sambamba na kinga, uchunguzi na tiba ya malaria.

Hata hivyo, kunukuliwa si kusifiwa. Baadhi ya wanaoinukuu makala huikubali, wengine huipinga, na wengine huitaja kwa kupita tu. Hesabu huwaweka wote kapu moja.

Upande wa ushirikiano, makala hiyo ina waandishi 11, wakiwamo Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na watafiti wa Zanzibar. Wapo wanaompa kila mwandishi nukuu zote. Wengine huzigawa, kila mmoja akapata fungu moja kati ya 11.

Nafasi ya jina nayo ina maana. Katika sayansi za tiba, aliyetangulia huhesabiwa kuwa ndiye aliyebeba kazi, na wa mwisho mara nyingi ni msimamizi. Walio katikati, ambako watafiti wa nchi zinazoendelea huonekana mara kwa mara, hupata heshima ndogo. Wapima damu na wanaozunguka vijijini huenda wasitajwe kabisa.

Aidha, majina ya Kizanzibari huipa kompyuta taabu. Mtu hujulikana kwa jina lake, la baba na la babu, si la ukoo. Akiandikwa leo kwa jina la baba na kesho kwa la babu, nukuu zake hugawanyika kana kwamba ni watu wawili. Namba ya utambulisho ya ORCID, iliyoanza mwaka 2012, ilibuniwa kuondoa mkanganyiko wa aina hiyo.

Wala fani hazilinganishwi. Wahandisi wa roboti huchapisha sehemu kubwa ya kazi zao katika mikutano ya kitaalamu, watafiti wa tiba katika majarida, na wanahisabati hunukuliwa kwa nadra. H ya 15 inaweza kuwa kubwa katika fani moja na ya kawaida katika nyingine.

Kwa sababu hizo, Azimio la San Francisco la mwaka 2012 na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 yalihimiza kazi yenyewe isomwe, tarakimu zikiwa msaada tu. Kamati inayompima mtafiti wa Pemba haina budi kuuliza alifanya nini hasa, na kazi hiyo ilibadili nini.