Mlimani Sio Misuli, Ni Meno!

Kilosa na Mikumi wale jamaa wa mkaa sio wageni. Magunia nyuma, baiskeli ni ya gia moja, mlima ukianza wanashuka na kusukuma. Usicheke! Zamani hata mastaa wa Tour de France walikuwa wanashuka.

Mashindano yale yalianza 1903, lakini gia za kubadilisha zikaja kuruhusiwa 1937. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilikuwa na sproketi kila upande. Mlima ukifika, staa anashuka, anachomoa gurudumu, analigeuza, ndio anaendelea.

Siri ni hesabu tu. Mbele meno 44, nyuma 22: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Spidi ipo, ila mlimani mguu unakufa. Mbele 28, nyuma 34: gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Unaenda pole pole, lakini unapanda na mzigo wako.

1978 Shimano ya Japani ikaja na kaseti, rundo la sproketi linalochomekwa kwenye habu. Friwili ya zamani yenyewe inakazwa kama nati, kwa hiyo hizo mbili haziingiliani. Pia kaseti ya gia 10 haielewani na swichi ya gia 8. Ukinunua bila kuhesabu, hela imeenda.

Na wa gia moja je? Toa friwili ya meno 18, weka ya 22, ongeza pingili za cheni kama haifiki. Mlima ni ule ule, ila mguu unapumua.