Muda na Wakati: Nani Anayepaswa Kuamua Gia?

Mwaka 2013 kampuni ya Porsche ilitoa toleo jipya la 911 GT3 bila pedali ya klachi. Gari lililosifiwa kwa miaka mingi kuwa la madereva stadi lilikuja na giaboksi ya aina moja tu: PDK, yenye klachi mbili na gia saba. Wapenzi wake wengi walilalamika. Mwaka 2016 ikatoka 911 R, magari 991 tu, yote yakiwa na gia sita za kutia kwa mkono. Na mwaka 2017 mnunuzi wa GT3 akaruhusiwa kuchagua mojawapo. Tangu hapo mjadala umegawanyika: upande mmoja unashika saa, upande mwingine unashika hisia. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinachanganya mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri, yaani muda na wakati. Muda wa kubadili gia ni urefu wa tendo lenyewe. Wakati wa kubadili gia ni uamuzi wa lini tendo hilo lifanyike. Muda tuiachie mashine. Wakati ni maarifa, na ndio unaostahili kupiganiwa.

Tuanze na muda. Katika PDK, klachi moja inahudumia gia ya 1, 3, 5 na 7. Nyingine inahudumia ya 2, 4 na 6. Gari likiwa katika gia ya tatu, ya nne huwa imekwisha kuingizwa. Kinachobaki ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika, na magurudumu hayakosi nguvu. Dereva wa gia za mkono hana budi kuachia mafuta, kukanyaga klachi, kusogeza mkono wa gia, kisha kurudisha mguu. Tendo hilo likichukua nusu sekunde kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 bila kusukumwa na injini. Kwa takwimu za Porsche yenyewe, GT3 ya 2017 yenye PDK hufikia kasi hiyo kutoka kusimama kwa sekunde 3.4, yenye gia za mkono, kwa 3.9. Tofauti hiyo haitokani na kubadili gia peke yake, kwa kuwa kompyuta huliondoa gari kwa ustadi pia. Hata hivyo, anayetetea gia za mkono kwa hoja ya kasi ameshindwa kabla ya kuanza.

Wakati ni suala jingine. Madereva wengi huamini kwamba gia ipandishwe pale injini inapovuta zaidi, yaani kwenye kilele cha torki. Mjini, kwa anayebana mafuta, imani hiyo haina ubaya. Katika gari la kasi ni kosa, na hesabu inaonyesha hivyo. Injini ya GT3 ya 2017 hutoa torki yake ya juu kabisa, Nm 460, kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Hapo nguvu yake ni ya farasi 393 hivi. Kwenye mizunguko 8,250 torki imeshuka hadi Nm 426, lakini nguvu imefika farasi 500. Tuseme gia inayofuata inapunguza mizunguko kwa robo. Dereva akipandisha kwenye 8,250, injini inaangukia karibu 6,200, jirani kabisa na kilele cha torki. Inaonekana ni faida. Lakini gia hiyo ya juu hupunguza kwa robo pia torki inayofika magurudumuni, hivyo Nm 460 zinakuwa sawa na 345 tu za gia ya chini. Dereva ametoa 426 akapokea 345. Ndiyo maana gia ya chini huendelea kufaa hata baada ya kilele cha nguvu, na wakati sahihi hufika pale misukumo ya gia mbili inapolingana, au injini inapogota kwenye ukomo wake, ambao kwa GT3 ni mizunguko 9,000. Anayepandisha mapema kwa kuogopa mngurumo amesikia sauti ya injini bila kuielewa.

Itasemwa kwamba hesabu hiyo kompyuta huifanya bila kukosea. Ni kweli, kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona, gia inayofaa haitegemei injini ilipo sasa bali gari litakapokuwa baada ya sekunde mbili. PDK yenyewe hulazimika kubahatisha: gari linapoongeza kasi katika gia ya tatu, giaboksi huandaa ya nne; dereva akifunga breki ghafla akitaka ya pili, maandalizi yale lazima yatenguliwe kwanza. Kumbe hata ushindi wa mashine katika muda umesimama juu ya kuukisia vyema wakati.

Historia ya mashindano inaonyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kugawanywa. Gari la mashindano la Ferrari 640, lililobuniwa na John Barnard, lilikuwa na vijiti viwili vya kuvuta nyuma ya usukani, na dereva Nigel Mansell alishinda nalo Brazil mwaka 1989 katika mbio za kwanza za gari hilo. Mitambo ilifanya tendo. Mansell aliamua lini. Mgawanyo huo wa kazi haukumpunguzia dereva ustadi wake hata kidogo. Ulimwondolea jasho, ukamwachia akili.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba mashine sasa inajifunza kuona mbele. Rolls-Royce Wraith ya mwaka 2013 ilitumia setilaiti kutambua kona inayokuja na kuandaa gia yake. Lakini ramani haioni mvua iliyonyesha asubuhi, wala vumbi laini lililofunika mashimo ya Naivasha. Katika Safari Rally inayopita huko, dereva humsikiliza msaidizi anayemsomea maelezo ya njia, huitazama rangi ya udongo, kisha huamua. Ni jambo la maana kwamba kanuni zilizoanza mwaka 2022 kwa magari ya Rally1, daraja la juu la mbio hizo, ziliondoa vijiti vya usukani na kurudisha mkono wa gia. Muda ulirefuka kidogo. Wakati ulibaki mikononi mwa mtu, na ushindani haukufifia.

Basi mpaka wa kweli haupiti kati ya gari lenye pedali tatu na lenye pedali mbili. Unapita kati ya dereva anayeamua na dereva anayeamuliwa. Klachi ina heshima yake kwa sababu moja: inafundisha kwa ukali. Anayekusudia gia ya tano akatia ya tatu injini ikiwa juu anaweza kuiua injini papo hapo, ilhali giaboksi ya kielektroniki ingemkatalia. Dereva aliyelelewa na hatari hiyo hujifunza kufikiri kabla ya mkono kusogea. Elimu hiyo akiipeleka kwenye PDK na kuvuta vijiti mwenyewe, hajapoteza kitu. Akiiacha kompyuta imchagulie kila gia, saa itamsifu, lakini sifa hiyo itakuwa ya gari.