Vakansi ya kipwa: mambo ya kujua mbele ya kuingia majini, toka Lualaba mpaka Tanganyika

Mwanzo wa mwezi wa saba masomo yanafungwa, na watoto wanabaki nyumbani mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa. Ni wakati wa kipwa: mvua imekwisha tangu mwezi wa tano, mbingu ni safi, usiku na asubuhi kunakuwa baridi. Huku Luena na Bukama, wengi wanashuka mtoni kuoga, kufua na kucheza. Wengine wanapanda treni, wanapita Kamina na Kabalo, wanafika Kalemie kutembelea jamaa na kuona mawimbi ya ziwa. Maji ya kipwa yanaonekana kuwa ya utulivu. Lakini yako na hatari zake, na si zile za wakati wa mvua.

Kwa nini kunakuwa baridi

Katika miezi ya sita na ya saba, jua linakuwa upande wa kaskazini ya dunia. Upepo mkavu unatoka kusini-mashariki. Kwa kuwa hakuna mawingu, joto la mchana linapanda juu usiku na kupotea. Ndiyo maana mtu anavaa koti saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita mchana anatafuta kivuli. Upepo huo ni ndugu ya ule ambao watu wa Mombasa na Zanzibar wanauita kusi, unaochafua bahari yao katika miezi hiyo hiyo.

Lualaba: maji madogo, mashimo makubwa

Kuanzia Bukama, Lualaba inapunguza mwendo na kuingia katika bonde la Upemba, lenye maziwa mengi kama Upemba na Kisale, na matete pande zote. Katika kipwa maji yanashuka kidogo kidogo, na yanakuwa chini kabisa karibu mwezi wa kumi na wa kumi na moja.

Maji yakishuka, visiwa vya mchanga vinatokea. Mtoto anatembea juu ya mchanga, maji yanamfikia magotini tu, na hatua moja mbele hakuna chini. Ukingo wa mchanga unaweza kubomoka chini ya miguu. Mahali ambapo mto unapinda, upande wa nje ndio wenye shimo na nguvu ya maji. Basi pale ulipooga mwaka jana, usiseme unapajua. Pima kwanza na mti mrefu.

Maji yakipungua, mamba na viboko nao wanabaki katika mashimo machache yaliyo na kina. Mamba anawinda zaidi jioni na usiku, na kiboko anatoka majini magaribi kwenda kula majani. Kusimama kati ya kiboko na maji ni hatari kubwa. Saa ya jua kuzama, mtoto awe amekwisha kurudi nyumbani.

Tanganyika: ziwa lenye mawimbi kama bahari

Ziwa Tanganyika liko na urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinapita meta 1.400. Hakuna maji kupwa na kujaa kama baharini. Mawimbi yanaletwa na upepo. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unapita juu ya maji mahali parefu bila kizuizi, na kadiri njia yake inavyokuwa ndefu, wimbi linakua. Kalemie, iliyo kwenye ukingo wa magharibi, inapokea mawimbi hayo mbele ya macho.

Maji yenyewe hayana baridi sana: juu yanakaa karibu digrii 24 mpaka 27. Kwa hiyo mtu wa Katanga anaingia bila kuogopa. Hatari ni pale wimbi linapovunjika na kurudi: linavuta miguu kuelekea ndani. Ukikokotwa, usipigane na maji ukielekea moja kwa moja inje. Elea, pumua, kisha ogelea kandokando ya ukingo mpaka nguvu ya maji ipungue.

Tena kuna jambo ambalo wageni hawajui. Mito mingine inaingiza maji ziwani, lakini Lukuga, hapo Kalemie, inayatoa. Inaenda kuyaunganisha na Lualaba upande wa Kabalo. Anayeelea karibu na mdomo wake anaweza kuvutwa kuingia mtoni. Uogelee mbali na pale.

Mbele ya kuingia, uliza wavuvi. Kama wao wamevuta mitumbwi yao mchangani, si siku ya kuoga. Na kwa safari ya mtumbwi ao balenieri, vaa jile ya kuokoa na ukatae chombo kilichojaa kupita kiasi.

Magonjwa yasiyoonekana

Bilharzia inatoka kwa konokono wadogo wanaoishi katika maji ya polepole yenye majani. Vidudu vinatoka ndani ya konokono zaidi wakati jua ni kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na vinapenya ngozi. Katika kipwa, hiyo ndiyo saa watoto wanangojea, ju asubuhi kuna baridi! Ni heri kuoga mahali maji yanapokimbia na hayana majani, na kujipangusa mbio na kitambaa kikavu. Hata hivyo, hiyo haikingi kabisa. Mtu akiona damu katika mkojo ao katika choo, aende kupimwa. Dawa iko: praziquantel.

Kolera nayo inarudia kila mwaka Haut-Lomami na Tanganyika. Usinywe maji ya mto ao ya ziwa bila kuyachemsha ao kutia dawa, hata kama yanaonekana safi.

Mtu akizama

Wengi wanakufa wakiwa wanaokoa wengine. Usiruke majini kama hujafundishwa. Tupa bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa vizuri, yenye kamba, ao nyosha mti mrefu. Ukimtoa na hapumui, usimninginize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, mpulizie pumzi tano kinywani ukiziba pua yake, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na mbio, pumzi mbili, tena 30, huku wengine wakitafuta munganga. Hata akiamka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kila nyumba inayotuma watoto mtoni iweke mtu mzima mmoja ukingoni, asiyefua wala kupiga simu, na bidoni moja yenye kamba karibu naye.