Ulimi wa Kuchomeka

Seremala wa Unguja akisema "ulimi", kila aliye karibu na meza yake anaelewa: ni ncha ya ubao iliyochongwa ikapunguzwa unene ili iingie kwenye tundu la ubao mwenzake. Milango, madirisha na vitanda vimeungwa hivyo tangu zamani. Tabu huanza ulimi unapokuwa kipande cha tatu, kisichotokana na ubao wowote kati ya zile mbili. Mbao zote mbili huchimbwa tundu, kisha kipande hicho hupakwa gundi na kuchomekwa, nusu huku na nusu kule. Waingereza wameupa ulimi huu jina lenye neno la kulegea, wakiwa na maana kwamba hauna ubao ulioota nao. Mfasiri ambaye hajawahi kushika juba ataandika "ulimi legevu", na mwanafunzi wa mafunzo ya amali atakuwa ameshapotezwa, maana ulimi kulegea ndani ya tundu ni kasoro ya kwanza anayokatazwa.

Kazi inayouhitaji zaidi ulimi huu ni kishikio cha ngazi, ule ubao wa kushikia unapopanda ghorofani. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za ghorofa, na ngazi za mbao hazipandi moja kwa moja. Hufika mahali zikageuka, na kishikio nacho hakina budi kupinda na kunyanyuka pamoja nazo. Kipande cha kona huchongwa kutoka mti mnene, msaji au mninga, lakini nyuzi za mti hazijui kona. Zinakwenda zake zilivyoota. Ukichonga ulimi kwenye ncha ya kipande kama hicho, nyuzi zitaupita kwa upande, fupi fupi, na ulimi utakatika siku mtu mzima atakapoegemea kwa uzito wake wote. Ulimi uliotengenezwa peke yake hupasuliwa kutoka ubao mnyoofu, nyuzi zake zikienda kwa urefu wote, kwa hiyo pale kiungo kinapolemewa ndipo penye nyuzi ndefu. Ubapa wake una faida ya pili: kijiti kimoja cha duara huruhusu kishikio kizunguke, ulimi bapa hauruhusu.

Kwenye ukarabati ndipo unapoonesha thamani yake hasa. Chukua kishikio kilicholiwa na mchwa katikati, huku pande zake mbili zingali nzima na zimeshikamana na nguzo. Kipande kipya chenye ndimi zilizochongwa kila upande hakitaingia, kwa kuwa hakuna nafasi ya kukisogeza. Fundi huchimba kwenye kipande kipya tundu lenye kina cha kutosha kuumeza ulimi mzima, akatoboa mfereji mwembamba upande wa chini, usioonekana na mpandaji. Kipande kikishakaa mahali pake, huusukuma ulimi kupitia mfereji ule mpaka nusu yake iingie kwenye ubao wa zamani, kisha huziba mfereji. Hapo umeondoka ubao ulioharibika tu. Uliobaki ni ule ule wa fundi wa kwanza. Kwa mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, tofauti hiyo si ndogo. Fundi angeweza kutumia skrubu au bolti, lakini hewa ya bahari hushambulia chuma, na chuma kikishika kutu hutanuka na kuupasua ubao kwa ndani.

Unene wa ulimi kwa kawaida ni kama theluthi ya unene wa ubao, na ubao wake uwe mkavu sana: ukinyonya maji ya gundi huvimba na kujikaza wenyewe. Fundi asiupige nyundo kwa nguvu. Tundu lenyewe liachwe na nafasi kidogo chini, la sivyo gundi itakosa pa kwenda na kiungo hakitafunga.

Maarifa haya ni ya kale. Jahazi lililozama Uluburun, pwani ya Uturuki, karne ya 14 kabla ya Kristo, mbao zake ziliungwa kwa ndimi za namna hii. Wenzetu wa pwani hii walishika njia yao, wakishona mbao za chombo chao, mtepe, kwa kamba za nazi.

Sasa jina. "Ulimi huru" unaashiria kitu kinachochezacheza. "Ulimi wa bandia" unaudhalilisha, kana kwamba ni kitu cha kudanganyia, ilhali mara nyingi ni imara kuliko wa asili. Mimi nashikilia "ulimi wa kuchomeka", ukiwekwa kando ya mwenzake, "ulimi wa kuchongwa". Majina yote mawili yanatokana na kazi ya mkono, na anayeyasikia anajua afanye nini kabla hajaoneshwa mchoro. Katika kamusi ya ufundi ningeandika hivi: ulimi wa kuchomeka, kipande bapa cha ubao kinachotengenezwa peke yake na kukazwa kwa gundi ndani ya matundu ya mbao mbili ili kuziunganisha, wingi, ndimi za kuchomeka.